Mtu mmoja, gita moja, sauti nyingi: lupu inafanya kazi namna gani?



Mwaka jana nilialikwa kupiga muziki mu sherehe ya wenzetu waliokuwa wanamaliza lisanse, hapa Bukavu. Nilifika na gita yangu, mikro moja, na kisanduku kidogo cha chuma ambacho ninakiweka chini karibu na mguu. Nilipiga karibu nusu saa. Katikati ya wimbo wa nne, mama mmoja akasimama, akaenda mpaka nyuma ya pazia, akaangalia, akarudi kukaa. Alikuwa anatafuta wapiga muziki wengine! Sherehe ilipoisha akaniita: "Mutoto wangu, benzako beko wapi? Minasikia besi, minasikia ngoma, minasikia magita mbili. Lakini minaona weye tu."

Siku ile nilimjibu kwa haraka: "Mama, ni lupu." Hakuelewa, na kosa lilikuwa langu. Leo ninataka kujibu vizuri, juu najua kati yetu kuko wengi wenye wako na talanta ya muziki lakini wameiweka kando. Sababu ni moja: orkestra ilivunjika. Mimi pia njo hivyo. Wakati wa masomo tulikuwa wanne. Kisha masomo, mmoja alienda Kinshasa kutafuta kazi, mwingine alivuka mpaka akaenda Kampala, wa tatu alipata nafasi ya kufundisha mu kijiji cha mbali na anashuka mjini mara moja kwa mwezi. Mimi nilibaki na gita. Ilibidi nichague: kuacha muziki, ama kujifunza kuupiga peke yangu.

LUPU NI NINI?

Lupu ni kipande kifupi cha sauti kinachozunguka: kikifika mwisho kinarudi mwanzo bila kusimama. Pedali ya lupu ni mashini inayonasa kile unachopiga sasa hivi, mbele ya watu, na kukirudisha mara moja. Pale kinaporudi, unapiga kitu kingine juu yake. Mashini inanasa hicho pia, na vyote viwili vinarudi pamoja. Unaongeza cha tatu, cha nne. Njo maana mama yule alisikia watu wanne.

Tusichanganye lupu na plebaki. Mu plebaki, muziki ulitengenezwa nyumbani ama studio, unabonyeza na unaimba juu yake. Mu lupu, kisanduku kinaingia jukwaani kitupu. Kila sauti unayosikia ilipigwa pale pale mbele ya macho yako, na kama mpigaji alikosea, kosa pia linarudi. Hii tofauti ni kubwa. Tutaiona tena mbele.

SI KITU KIGENI KWETU

Wengine wanafikiri hii ni mambo ya Wazungu. Mashini, ndiyo, ilitoka kule. Lakini wazo lenyewe, sisi Wakongomani tunalijua tangu zamani. Sikiliza seben ya rumba yetu. Gita ya akompanyema inapiga kipande kifupi, inakirudia. Mi-solo inaingia na kipande chake, inakirudia kati ya akompanyema na solo. Besi na ngoma vivyo hivyo. Hakuna mmoja anayepiga kitu kirefu sana. Uzuri unatoka mu namna vipande vinavyoshikana. Pedali ya lupu inafanya kwa zamu kile ambacho orkestra inafanya na watu wengi kwa wakati mmoja. Mu orkestra wanne wanaanza pamoja. Mu lupu mmoja anaingia mara nne.

Na ile hamu ya mtu mmoja kusikika kama wengi, ni ya zamani pia. Mu 1952, Hugh Tracey alimnasa Jean Bosco Mwenda kule Jadotville, mji ambao leo tunauita Likasi. Mwenda alikuwa na gita kavu tu. Kidole gumba kilikuwa kinashika besi, kidole kingine kinaimba juu yake. Wimbo wake "Masanga" ulifika mbali sana, na wapiga gita wa nchi nyingi za Afrika walijaribu kuupiga. Hakukuwa umeme, hakukuwa pedali. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba kupiga peke yako sauti nyingi ni uvivu, mwambie asikilize kwanza mzee Bosco.

MASHINI ILITOKA WAPI?

Mu 1948, kule Paris, fundi wa redio jina lake Pierre Schaeffer alikuwa anachezea sahani za muziki. Kwa kawaida mufereji wa sahani unaenda kama konokono mpaka katikati. Yeye alifunga mufereji uwe duara. Sindano ikawa inazunguka pale pale, na sauti ile ile inarudi bila mwisho. Alitumia hata sauti za gari moshi kutengeneza muziki.

Kisha kukaja mikanda. Mu 1963, pale pale Paris, Mmarekani Terry Riley alikuwa anatengeneza muziki wa mchezo wa tiyatro pamoja na mpiga tarumbeta Chet Baker. Waliweka mashini mbili za mikanda, na mukanda mmoja unapita mu zote mbili. Ya kwanza inanasa, ya pili inasoma, na kile inachosoma kinatumwa tena kwa ile ya kwanza. Hesabu yake ni nyepesi: kama mukanda unakimbia sentimita 19 kwa sekunde, na mashini zimeachana mita moja, sauti itarudi kisha sekunde tano na kidogo. Ukitaka lupu ndefu, unasogeza meza! Mu 1973 Robert Fripp na Brian Eno walitoa sahani iliyotengenezwa kwa njia hiyo hiyo.

Mu miaka ya 1990 mukanda ukaacha nafasi kwa memwari ya elektroniki, na mu 2001 kampuni ya Boss ilitoa RC-20, pedali ya kubonyeza na mguu. Hapo mpiga gita wa kawaida akaweza kubeba lupu mu mufuko wake. Mu oktoba 2004, mwimbaji wa Scotland, KT Tunstall, aliitwa ghafla kwenye televisheni ya BBC kuchukua nafasi ya msanii mwingine aliyeshindwa kuja. Alipanda na gita, pedali ya lupu, na mguu. Watu wakaona kwa macho yao wimbo unajengwa kutoka zero. Wengi walimfahamu kuanzia siku ile. Na mu julai 2015, Ed Sheeran alipiga usiku tatu kwenye uwanja wa Wembley, London, mbele ya watu zaidi ya 80,000 kila usiku, bila orkestra nyuma yake: gita na pedali ya lupu.

MGUU UNABONYEZA NINI?

Pedali nyingi ndogo ziko na kibonyezo kimoja tu. Kazi zake ni hizi:

Bonyeza mara ya kwanza: inaanza kunasa.
Bonyeza mara ya pili: inafunga duara na kuanza kurudisha.
Bonyeza mara ya tatu: inanasa tabaka ingine juu ya ile ya kwanza.
Bonyeza mara mbili kwa haraka: inasimama.

Zingine ukikandamiza kwa muda, zinafuta tabaka ya mwisho tu. Ni hayo. Mtoto anaweza kuyajifunza kwa dakika tano. Lakini ile bonyezo ya pili, ile inayofunga duara, inaweza kukula miezi sita ya maisha yako. Ngoja nieleze sababu.

Tuseme wimbo unatembea mapigo 100 kwa dakika. Pigo moja ni sekunde 0.6. Kipimo cha mapigo manne ni sekunde 2.4. Ukinasa vipimo vinne, lupu yako lazima iwe sekunde 9.6. Sasa, mguu wako ukichelewa ukafunga kwa sekunde 9.9, umeongeza nusu ya pigo. Kwa sikio, mara moja, si kitu. Lakini lupu haisahau. Kila inapozunguka, inajikwaa pale pale.

Hii ilinipata mara yangu ya kwanza mbele ya watu. Nilifunga kwa kuchelewa, nikaona haya kusimama, nikaendelea. Watu walikuwa wanacheza, na kila kisha sekunde kumi, miguu yao inapotea, wanaangaliana, wanaanza tena. Wimbo wa dakika tatu, fanyeni hesabu: karibu mara 18. Rafiki mmoja alinishika bega kisha akasema: "Wimbo yako inachechemea."  Tangu siku ile ninajua mambo mawili. La kwanza: bonyeza juu ya pigo la kwanza la kipimo kinachofuata, si kisha pigo la mwisho. Yaani usingoje muziki uishe; funga pale ambapo ungeanza tena. La pili: kama umekosea, simamisha, cheka na watu, anza upya. Watu wanasamehe mtu anayeanza upya kuliko mtu anayewachosha na kosa moja mara 18.

NDANI YA KISANDUKU

Kwa wale wa sayansi, tuingie kidogo ndani. Mashini inapima sauti mara 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo inakiandika kama namba. Kwa sauti ya biti 16, namba moja inachukua oktet mbili. Kwa hiyo sekunde moja ni oktet 88,200, na lupu yetu ya sekunde 9.6 haifiki hata megaoktet moja. Picha moja ya telefone yako inaweza kuwa nzito kuliko wimbo wangu mzima.

Unapoongeza tabaka, mashini inajumlisha namba. Lakini mu biti 16 namba kubwa inayoweza kuandikwa ni 32,767. Tabaka zikijumlishwa zikapita pale, vichwa vya mawimbi vinakatwa, na sauti inakuwa mbaya kama bafle iliyopasuka. Dawa yake: tabaka ya kwanza ipigwe pole. Wengi wetu tunaanza na nguvu zote, kisha tunashangaa kwa nini tabaka ya tano imeharibu kila kitu.

Jambo lingine ni kuchelewa kwa sauti. Mashini inahitaji muda kidogo kupokea, kuhesabu, na kutoa. Mu pedali muda huo ni mdogo, husikii. Mu telefone zingine unaweza kufika sehemu moja ya kumi ya sekunde. Sauti mu hewa inatembea karibu mita 340 kwa sekunde. Kwa hiyo ni sawa na kupiga pamoja na mpiga ngoma aliyesimama mita 34 mbali na weye. Jaribu uone kama mutakutana!

UFUNDI SI KUJAZA

Wanaoanza wote wanafanya kosa moja: wanajaza. Juu mashini inakubali, wanaongeza tabaka sita, saba, na muziki unakuwa bugali, hakuna kinachoonekana tena ndani. Mimi ninajiuliza maswali matatu mbele ya kila tabaka.

Inakaa wapi? Kama besi iko chini, na akompanyema iko katikati, tabaka mpya itafute juu, ama ikae kimya.

Inaacha nafasi? Kipande kizuri cha lupu kiko na mashimo ndani yake. Piga noti tatu, acha mapigo mawili. Tabaka zingine zitaingia mu yale mashimo, sawa vile mi-solo inaingia kati ya akompanyema na solo.

Watu watavumilia kuisikia mara ngapi? Noti moja ya pekee, yenye ajabu, inapendeza mara ya kwanza. Mara ya kumi inakuwa msumari.

Kuko pia ugonjwa wa muundo. Lupu inazunguka juu ya akordi zile zile, kwa hiyo kiitikio na beti vinaweza kufanana sana. Wanaotumia mashini yenye njia nyingi wanabeba lupu mbili tofauti. Mwenye kibonyezo kimoja anachagua nyimbo ambazo akordi zake hazibadiliki. Hapa tuko na bahati, juu seben nyingi njo hivyo. Na silaha kubwa kuliko zote ni kusimamisha. Kata lupu yote ghafla, imba mstari mmoja bila kitu, kisha irudishe. Watu wataamka.

BILA PESA UTAANZA NAMNA GANI?

Pedali mpya ni ghali kwetu, sitaficha. Lakini usingoje pedali. Telefone inatosha kujifunza. Mu 2014, mu televisheni ya Marekani, Jimmy Fallon na Billy Joel waliimba na tablet moja tu yenye programu ya Loopy: sauti za kinywa, tabaka juu ya tabaka. Wimbo wenyewe shina lake ni "Mbube", wa Solomon Linda wa Afrika Kusini, ulionaswa mu 1939. Mwenye komputa ya zamani anaweza kutumia SooperLooper, ni ya bure. Tumia visikilizio vyenye uzi. Vile vya bluetooth vinachelewesha sauti sana.

Zoezi la kwanza: acha gita. Piga makofi vipimo viwili, funga. Ongeza kinywa. Fanya hivyo mpaka duara lifungike bila kuchechemea mara kumi zikifuatana. Hapo njo uchukue gita.

Juu ya umeme: pedali nyingi ndogo zinakula volti 9. Pawabanki inatoa volti 5, kwa hiyo tafuta kamba inayopandisha mpaka 9, na angalia vizuri upande wa chanya na hasi mbele ya kuchomeka, usije ukaunguza chombo. Lakini hata hivyo, jizoeze kuendelea bila mashini. Siku moja umeme ulikatika katikati ya wimbo wangu, na tabaka zote zikapotea mara moja. Nilibaki na gita kavu na kimya. Nilikuwa nimezoea kupiga wimbo huo pia namna ya zamani, gumba na kidole, njo kilichoniokoa.

NA MUKATE YA WENGINE?

Sasa nifike kwa swali ambalo linaniuma. Papa mmoja aliyepiga besi miaka mingi hapa mjini aliniona na pedali, akaniambia bila kuzunguka: "Mutoto, hiyi mashini inakula mukate ya batoto bane." Sikujibu. Heshima ilinizuia, na pia sikuwa na jibu.

Nimelifikiria sana. Papa ana haki kwa sehemu. Mwenye sherehe akiona kwamba mtu mmoja anatosha, hataita tena wanne. Lakini kuko pia sherehe nyingi ambazo zilikuwa hazina pesa ya wanne. Zilikuwa zinaweka plebaki tu, na hapo hata mmoja hakuwa anakula. Kwa hiyo nilijiwekea sheria. Kama bajeti inaweza kulipa watu, ninaita watu, na pedali inabaki nyumbani. Kama haiwezi, ninaenda na pedali. Na sidanganyi: tangu mwanzo ninaonyesha watu kisanduku, ninawaambia kwamba kila kitu kitapigwa mbele yao. Sheria hii imenipunguzia pesa mara mbili tatu. Bado ninaishika.

Mwezi uliopita, yule mwenzetu anayefundisha kijijini alishuka mjini na ngoma yake. Nilimwomba tupige pamoja, mimi na lupu, yeye juu yake. Ilienda vizuri dakika mbili. Kisha wazee wakaingia kucheza, pole pole, na yeye, kama mpiga ngoma mwema, akaona miguu yao, akapunguza mwendo kidogo. Lupu haikupunguza. Haina macho. Yeye alikuwa anafuata watu, mashini inafuata sekunde 9.6. Walianza kuachana, na ilibidi nichague nani nimfuate.

Nilibonyeza mara mbili, nikazima. Tukaendelea wawili, sauti chache, besi haikuwepo. Wazee walicheza mpaka mwisho.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kama uko peke yako na orkestra yako imetawanyika, lupu itakuokoa. Itakufundisha kushika pigo, kusikiliza, kuacha nafasi. Mimi imenirudishia muziki, na sitaiacha. Lakini siku mwenzako akishuka mjini, zima mashini kwanza, muulize ngoma yake inataka kwenda mwendo gani.

 Mwenye anataka kujaribu, gita na kisanduku viko. Tupatane saa tu.